Kazi ya Mbali Katika Mji Mkongwe wa Unguja

Ukifika Unguja siku hizi utaona jambo ambalo wazee wetu hawakuliona. Utapita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo ukikutana na baiskeli yakupasa kujibanza ukutani, na ndani ya mlango uliochongwa kwa ufundi utaona vijana wameketi, kila mmoja na kikombe cha kahawa na kompyuta mpakato mbele yake. Hawapigi soga wala hawachezi. Wako kazini. Bwana wao yuko London au New York au Berlin, na pengine hawajapata kuonana naye uso kwa uso hata siku moja.

Mimi nilikaa huko siku tano. Ndugu yangu ana binti aliyemaliza kidato cha 6, naye alimpasha baba yake habari kwamba amepata kazi Unguja, kazi ya kuketi mkahawani. Baba mtu hakuipenda habari hiyo hata kidogo. "Kazi gani ya kunywa kahawa?" alisema. Akanituma niende nikaone kwa macho yangu, na kama ni upuuzi nirudi naye nyumbani. Naandika niliyoyaona, kwa kuwa najua wako wazazi wengine wenye shaka kama yake.

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Dar es Salaam boti ziendazo kasi huchukua muda wa saa 2 hivi. Usisahau kitambulisho chako. Ukikaribia bandari utaona mbele yako Beit-el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake moja ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, na aliyeliona zamani atasikitika. Nyuma yake, juu ya mapaa, yaonekana minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Mji huu uliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, nao wastahili.

Nataka ujue jinsi nyumba zake zilivyojengwa, maana jambo hili lahusu kazi tunayoisema. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kweli kweli. Dari hushikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kuwa ndefu kupita kiasi, vyumba vingi ni vyembamba na virefu. Kuta hizo huzuia joto, na mchana wa kiangazi ndani mna ubaridi wa kupendeza. Lakini huzuia pia mawimbi ya waifai! Nilimwona kijana mmoja Mzungu akizungumza na wakubwa wake kwa kompyuta. Akasogea hatua chache tu nyuma ya nguzo, na mara sauti ikakatika. Ndiyo sababu watu wote hubanana karibu na kile kisanduku cha mawasiliano, na meza zilizo mbali hubaki tupu hata zikiwa karibu na dirisha lenye upepo.

Basi usidhani kwamba kumtumikia mtu aliye ng'ambo ya bahari ni jambo geni Unguja. Hapana. Zamani majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi yakarudi na kusi, na mfanyabiashara aliyetaka jibu kutoka India alingoja miezi. Hata hivyo kazi ilifanyika. Katika karne ya 19 ushuru wa forodha wa Unguja ulishikwa kwa miaka mingi na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch. Naye alipokuwa amerudi kwao, kazi iliendeshwa hapa na wakili wake, Ladha Damji. Barua zikaenda, hesabu zikarudi. Kisha mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na habari iliyokuwa ikichukua wiki nyingi ikafika siku hiyo hiyo. Jumba la zamani la simu za ng'ambo bado limesimama Shangani, ila sasa ni sehemu ya hoteli kubwa.

Na leo je? Bado twategemea waya chini ya bahari. Hata umeme wa Unguja hutoka bara kwa njia hiyo hiyo. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Mwaka 2008 uliharibika, mji ukakaa gizani karibu mwezi mzima. Tena kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 hapakuwa na umeme wa kutoka bara. Waulize wenyeji, watakueleza habari za jenereta zilizonguruma usiku na mchana, na pampu za maji zilizokufa. Waya mpya wenye nguvu zaidi ulizinduliwa mwaka 2013, na hali ikawa nafuu. Upande wa intaneti, tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zikatika, na Afrika Mashariki nzima ikaona taabu. Mtu wa ofisini aweza kusema mtandao umekatika, akaenda zake nyumbani akalipwa. Mtu wa mkahawani asipopeleka kazi hapati kitu.

Sasa nikueleze kazi ya binti yetu. Hupelekewa sauti za watu wanaozungumza Kiswahili, naye huziandika neno kwa neno. Siku nyingine hutafsiri maneno yanayoandikwa chini ya picha za sinema. Nilikaa kando yake asubuhi nzima nikamtazama. Dakika 10 za sauti zilimchukua karibu saa nzima, kwa maana wasemaji hukatizana, tena mmoja alisema Kimvita na mwingine Kiswahili cha Lubumbashi. Mimi nilisomea ualimu, nami nasema ile ni imla, tena ngumu kuliko nilizowapa watoto darasani.

Wale wanaofanya kazi na Wamarekani wana taabu nyingine, nayo ni saa. New York ikiwa saa 3 asubuhi, Unguja ni saa 10 jioni, na wakati wa baridi yao ni saa 11. Kwa hiyo siku ya kazi huanza jua likielekea kuzama, huisha usiku wa manane. Kwa binti wa watu jambo hili si dogo. Nilimwuliza, "Mwanangu, usiku huo warudije nyumbani?" Akanijibu, "Baba mdogo, kazi za usiku nimezikataa. Nachukua za Ulaya tu." Nikafurahi, ingawa sikumwonyesha sana.

Lakini hakunificha mabaya. Mteja mmoja wa ng'ambo alipokea kazi ya wiki 3, kisha akanyamaza. Barua hazijibiwi, fedha haikuja. Ungemshtaki wapi? Hakuna mlango wa kubisha. Tangu hapo hapeleki kazi kubwa kwa mtu mgeni kabla ya kulipwa sehemu, na kila patano hulitaka kwa maandishi. Laiti wakulima wetu wa pamba wangalifanya hivyo na walanguzi.

Tena mkahawa una gharama. Kikombe kimoja katika mikahawa ya wageni bei yake ingekununulia kilo kadhaa za unga, na si adabu kukalia meza kutwa kwa kikombe kimoja. Wageni kutoka Ulaya hawaoni shida. Mshahara wao ni wa kwao, matumizi yao ni ya hapa. Vijana wa Unguja wenyewe niliowaona mkahawani walikuwa wachache. Wengi wao wakaa Ng'ambo, yaani upande wa pili wa iliyokuwa hori ya maji, na katika majumba marefu ya Michenzani, na hufanya kazi vyumbani kwa intaneti ya simu. Mji Mkongwe, ambao nyumba zake nyingi zimegeuzwa hoteli, wazidi kuwa mji wa kulala wageni. Hili halinipendezi, na mzee mmoja tuliyekaa naye barazani alisema hivyo hivyo kwa maneno makali zaidi.

Baraza hiyo ni ya Jaws Corner, na ukienda usiikose. Wanaume huketi juu ya viti vya mawe, wakinywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, pamoja na kashata, wakicheza bao na kujadili siasa. Pana simu ya zamani imetundikwa, isiyounganishwa na kitu, na maandishi ya mzaha kwamba waweza kupiga simu ng'ambo bure. Kahawa yao ni ya senti chache ukilinganisha na ile ya mkahawani, nami kwa maoni yangu ni tamu zaidi. Wakati wa Ramadhani, lakini, usile wala kunywa njiani mchana, hata kama wewe si Mwislamu. Na siku zote vaa nguo za heshima.

Sikurudi na binti. Tulikubaliana mambo, nami nikayaandika karatasini ili baba yake ayasome. Atafanya kazi chumbani kwao Ng'ambo, anakokaa na wasichana wenzake 2, na mkahawani atakwenda siku 2 kwa wiki tu, zile za kupeleka sauti nzito zinazotaka mtandao wenye nguvu. Kila mwisho wa mwezi ataandika katika daftari kilichoingia na kilichotoka, na kumsomea baba yake kwa simu. Ndugu yangu aliisoma karatasi ile mara 2. Kisha akauliza kama hizo sauti za Lubumbashi zaweza kusikilizwa na yeye pia, kwa maana alifanya kazi huko ujanani, na maneno mengine binti hawezi kuyajua. Jumapili iliyopita walikuwa kwenye simu muda mrefu, mzee akimwelezea mwanawe maana ya neno moja.