Laki sita za SAP

Najua nimeadimika sana. Test zilibana, madesa yamejaa mpaka chini ya godoro, na kusema ukweli kuna jambo lilikuwa linanisumbua kichwa kuliko hizo test zenyewe. Leo nimepata upenyo, nimekaa hapa kimbwetani, acha nilitoe.

Mnajua mimi ni mwaka wa tatu ualimu, masomo yangu ni ya biashara na utunzaji wa vitabu vya hesabu. Mnajua pia hali ya ajira zetu. Kaka na dada zetu waliomaliza kabla yetu, wengi bado wako nyumbani wanasubiri, wengine wanafundisha kwa hela ya kuungaunga. Sasa likizo iliyopita binamu wa rumeti wangu akaja kututembelea, anatoka Dubai. Jamaa anapiga kazi ya SAP, upande wa fedha. Manukato yake yalifika kafteria kabla yake! Akatununulia chipsi kuku wote, halafu akanigeukia.

"Dogo, ualimu sawa. Ila shika kitu kimoja tu cha kampuni kubwa, kishike mpaka wakikitaja wakutaje na wewe."

Kwa wasioijua, SAP ni kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1972 na jamaa watano waliokuwa wafanyakazi wa IBM. Programu yao inaendesha kampuni nzima: ununuzi, stoo, mishahara na hesabu zote. Imegawanyika katika moduli. Ya hesabu inaitwa FI, ya gharama CO, na mtu wa hizo mbili hutafutwa kwa jina la FICO. Watu wanaishi kwa hizo herufi nne tu, jamani. Kazi yao ni kukaa na wahasibu wa kampuni, kuwauliza wanalipaje na wanafungaje mwezi, halafu kuupanga mfumo ufuate hivyo, kuujaribu, kuwafundisha watu kuutumia, na kupokea simu usiku ukigoma.

Nikanogewa, siwafichi. Jamaa akaniachia karatasi ya vifupi vyao: FB60 ndiyo unaingizia ankara ya msambazaji, F-53 ndiyo unalipia, ufunguo 40 ni debiti, 50 ni krediti. Nikaanza kuvikariri kama tunavyokariri madesa usiku wa kuamkia UE. Nikapata na sehemu ya kozi hapa mjini. Wanataka laki sita kwa kuanzia, na laki sita ninazo! Nilizibana kwenye boom tangu mwaka wa kwanza, nikaongezea na za kuchapa ripoti za watu. Tatizo ni moja. Mdogo wangu kapata nafasi VETA, umeme wa majumbani, na mama alishanipigia mara mbili bila kusema moja kwa moja anachotaka. Wamama wakianza kuuliza "kwani huko chuo mnakula vizuri?" ujue kuna kitu.

Basi nikapanda basi hadi Morogoro kwa ba'mdogo. Yeye ni mhasibu wa halmashauri, amebakiza miaka michache astaafu, na kwenye ukoo wetu ndiye mtu pekee aliyewahi kujenga maisha juu ya programu moja. Programu yenyewe ni Epicor. Serikali yetu ilianza kuitumia mwaka 1998, enzi hizo ikiitwa Platinum, na mwaka uliofuata kampuni yenyewe ikabadili jina kuwa Epicor. Nikiwa mdogo nilidhani Epicor ni jina la bosi wake, maana simu ilikuwa inaita wakati wa chakula, anasikiliza, anasema "Epicor imekataa? Nakuja," anaacha ugali. Halmashauri za jirani walikuwa wanamwita. Nyumba anayoishi aliijenga kwa posho za safari hizo.

Nilimweleza yote, Dubai, laki sita, FICO. Akanisikiliza bila kunikata, halafu akasema, "Mwanangu, chukua kalamu. Shule imenunua viti arobaini, kimoja elfu hamsini. Viti vimefika, hela hamjalipa. Niandikie."

Nikacheka moyoni. Mimi mwaka wa tatu huyu, unaniuliza swali la fomu two? Nikaandika chapchap: debiti samani milioni mbili, krediti benki milioni mbili. Nikamrudishia.

Akaitazama kimya. "Umelipa kwa hela ipi?"

Wadau, nilitamani ardhi ipasuke! Ilitakiwa krediti iende kwa msambazaji anayetudai, benki hatujaigusa. Nilikuwa nawaza F-53, kulipa, kulipa, mpaka nikalipa deni ambalo halijalipwa. Nikaanza kujitetea kwamba ni haraka tu, kwamba mfumo ungenishtua.

"Usingekushtua," akasema. "Debiti milioni mbili, krediti milioni mbili, imelingana. Ukiuingizia hivyo unapokea. Urari unatoka safi kabisa, na ni uongo. Ukija kulinganisha na taarifa ya benki ndiyo unaanza kutafuta hela ambayo haijatoka."

Ndiyo akanisimulia ambacho nyumbani hakuwahi kukisema. Mwaka 2019 Serikali ilianza kutumia MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini, uliotengenezwa na wataalamu wa hapahapa, na baadaye ukashuka mpaka halmashauri. Epicor yake ikakaa pembeni. Miezi ya kwanza hakuna aliyempigia simu. Vijana wenye umri wangu wakawa wanamwelekeza mahali pa kubonyeza. "Nilikuwa narudi nyumbani nasema kichwa kinauma," alisema, "kumbe nilikuwa na aibu."

Kilichombeba ni siku moja malipo yaligoma. Kijana mmoja kabonyeza wee, kazima, kawasha, mfumo unakataa. Ba'mdogo akauliza kasma. Kasma ilikuwa haina salio, na mfumo haukubali kuifunga Serikali kwenye deni ambalo bajeti haina. Epicor nayo ilikuwa inakataa vilevile. Sura ya skrini ilikuwa imebadilika, sababu ya kukataa ilikuwa ileile aliyoijua miaka yote. Simu zikaanza kurudi, pole pole.

Nikamuuliza, kwa hiyo jamaa wa Dubai kanidanganya? Akasema hapana. Yeye mwenyewe asingekuwa na nyumba kama angekuwa anagusa kila programu juu juu. Akaniambia nimuulize huyo jamaa kama na yeye hajarudi darasani. Nikamtumia ujumbe usiku uleule. Jamaa akajibu kwa uungwana kabisa kwamba ndiyo, anasoma upya. Toleo jipya la S/4HANA lilitoka mwaka 2015, na SAP walishatangaza kwamba huduma ya kawaida ya lile la zamani ni hadi mwisho wa 2027. Zamani mteja na msambazaji walifunguliwa kila mmoja faili lake, siku hizi wote wanaingia sehemu moja. Yeye ana miaka kumi kwenye hiyo kazi na bado anakesha. Kwa hiyo hata ukiamua kushika mfumo mmoja, mfumo wenyewe unabadilika mkononi mwako.

Kuna kingine. Mwaka 2017 ulipoletwa FFARS, mfumo wa hesabu wa shule na vituo vya afya, ba'mdogo alikuwa mmoja wa waliowafundisha walimu wakuu. Anasema kuna waliotetemeka kwa neno debiti tu. Alianza na daftari la duka la mmoja wao, ndipo wakaelewa. Nilimsikiliza nikashangaa, maana hiyo ndiyo kazi ninayosomea na nilikuwa tayari kuikimbia! Kumbe hata kwa akina FICO, kuna siku ya kusimama mbele ya wahasibu waoga na kuwafundisha.

Basi, laki sita nimempa mdogo wangu. Sisemi nimekuwa mtakatifu. Nilipomtumia mama ile hela roho iliuma, na karatasi ya jamaa bado iko ndani ya daftari langu. SAP sijaiacha. Nikimaliza, nikapata hela yangu, nitaifuata. Ila kwa sasa kila Jumamosi ba'mdogo ananitumia miamala kumi kwenye simu, naandika, anasahihisha. Wiki ya kwanza nilikosa minne. Juzi nimekosa mmoja, na ulikuwa wa viti tena, safari hii vilivyorudishwa kwa msambazaji!

Haya, jua linazama na mbu wa hapa kimbwetani hawana utani. Mwenye ndugu aliyepita njia hii anisimulie. Tupo pamoja.