Mzia wa Maji Baridi

Mikuki ilikuwa mitatu, imeegemezwa ukutani katika banda la jirani yangu, na mzee yule alinitaka nichague mmoja. Hakunieleza lolote juu yake. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akanitazama kama fundi wa jahazi anavyomtazama mwanafunzi anayeshika tezo kwa mara ya kwanza.

Wa kwanza ulikuwa na meno matano na mpini wa mti, mwepesi. Wa pili una meno saba, chuma kitupu toka juu hadi chini, uzito wake yapata kilo nne. Wa tatu una meno tisa, mpana kama reki ya kukusanyia majani. Kila jino lilikuwa na kijino kidogo kinachotazama nyuma, ili samaki akishachomwa asichomoke, na juu ya kila mpini palikuwa na pete ya kufungia kamba. Nikachukua ule wa meno matano. Sikuwa na hoja yoyote. Mkono wangu ndio uliochagua. Uzani wake ulikuwa uzani wa mkonjo.

Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa mkonjo ni nini, ingawa nachelea kwamba kijana wa mjini huenda sasa akahitaji. Marehemu baba alikuwa na wake, na siku za bamvua, maji yakishakupwa hata mwamba ukabaki uchi, alikuwa akinichukua pamoja naye pwani ya Jambiani kutafuta pweza. Bunduki za mishale zilipoingia kijijini kwetu, vijana wengi walizipenda. Baba alizikataa. Alisema bunduki inampiga samaki kabla hujamjua.

Mimi nilikuwa na pupa. Nikiwa na umri wa miaka tisa nilichoma tundu moja bila ya kungoja, nikahisi kitu laini, nikatia mkono kukivuta. Alikuwa mkunga. Kovu lake ninalo mpaka leo, chini ya kidole gumba cha mkono wa kushoto. Baba aliniosha damu kwa maji ya bahari, akanifunga kwa kipande cha kikoi chake, kisha akaniuliza swali moja tu: "Ulichoma nini?" Nikasema sikujua. Hakunipiga wala hakunigombeza, na pengine ndiyo maana swali lile halikunitoka.

Sasa ninaishi Minnesota, kaskazini ya Marekani, jimbo ambalo vibao vya magari yake vinajigamba kuwa lina maziwa 10,000; ukiyahesabu makubwa kwa madogo, yanazidi hata 11,000. Kwetu visiwani, maji yasiyo na chumvi tunayaita maji baridi, na nilipokuwa mtoto jina hilo lilinishangaza, kwani maji ya kisima chetu hayakuwa na ubaridi wowote wa kutajwa. Huku jina limekutana na mwenyewe. Kuanzia Novemba au Disemba ziwa huganda. Barafu ikifika unene wa sentimita 10, safi na isiyo na ufa, mtu huweza kutembea juu yake kwa miguu. Ikizidi sana kuliko hapo, watu hupita kwa magari. Mara yangu ya kwanza kusimama katikati ya ziwa nilisoma kila dua niliyofunzwa chuoni, na nyingine nikazirudia.

Mzee aliutazama mkuki niliouchagua, akatikisa kichwa. "Huo ni wa mtoto," akasema, akanipa wa meno saba. Mkuki mwepesi, alinieleza, hutaka kurushwa, na mkono unaorusha hutikisika. Mkuki mzito haurushwi. Unateremshwa taratibu mpaka meno yake yazame majini bila ya kishindo, unangoja hapo, kisha unausukuma kidogo na kuuachia. Uzito wake wenyewe ndio unaokwenda. Meno matano huacha mianya ambayo samaki mwembamba hupenya. Meno tisa hukutana na maji mengi mno, na mkuki ukachelewa. Mtu huyu alikuwa seremala maisha yake yote, na maelezo yake yalikuwa ya seremala: hakuna neno lililozidi.

Uvuvi wenyewe hufanywa hivi. Barafu hukatwa kwa msumeno mpaka lipatikane tundu la mraba mrefu, kiasi cha sentimita 60 kwa 90. Juu yake huwekwa kibanda kidogo kisicho na dirisha. Ukiingia na kufunga mlango, giza linakuwa lenu na nuru inakuwa ya samaki: mwanga wa mchana hupenya barafu pande zote, ukaangaza maji kutoka chini yake, na lile tundu likawaka kijani kama kioo cha taa. Huwaoni wenzako mlioketi nao goti kwa goti, lakini unaona kila jani la mwani lililo mita tatu chini ya miguu yako. Wazee walikuwa wakimwaga maganda ya mayai au vipande vya viazi chini ya tundu, ili kupatikane weupe wa kumwonyesha samaki apitaye juu yake.

Hapo nikakumbuka funzo jingine la baba, kwamba maji ni mwongo: ukimtazama samaki kwa upande, yupo chini zaidi ya pale unapomwona, na anayelenga anachokiona hupiga maji matupu. Ndani ya kibanda uongo huo haupo. Unatazama chini wima, na samaki yupo pale pale ulipomwona.

Kinachomwita ni samaki wa mti. Mzee huwachonga mwenyewe, hukata mapezi yao kwa bati, huwatoboa tumbo na kumimina risasi iliyoyeyushwa ili wazame. Ukiuchezesha uzi, samaki wa mti huogelea kwa duara, kwa madaha, kama bibi harusi anayejua kuwa anatazamwa. Wenyeji wa asili wa nchi hii walikuwa wakifanya hivyo kabla Wazungu hawajafika, na wengine wanafanya hadi leo.

Na hapa sina budi kusema jambo ambalo wavuvi wengine niliokutana nao hawapendi kulizungumza. Mwaka 1837 Waojibwe waliutia saini mkataba wa ardhi kubwa ya Minnesota na Wisconsin kwa dola ya Marekani, wakabakisha haki ya kuwinda na kuvua humo. Haki hiyo ilisahauliwa na kila mtu isipokuwa wenyewe. Mahakama ya rufaa iliithibitisha upande wa Wisconsin mwaka 1983, na Waojibwe walipokwenda na mikuki yao majira ya machipuko, katika miaka ya mwisho ya 1980, walipokewa kwenye vikwezo vya mashua kwa mawe na matusi. Upande wa Minnesota, Mahakama Kuu ya nchi iliamua mwaka 1999, kwa kura tano dhidi ya nne, kuwa haki ile ingali hai. Kuna mahali huko Wisconsin panapoitwa Lac du Flambeau, jina walilolitoa Wafaransa kwa kuwaona Waojibwe wakivua usiku kwa mienge. Niliposikia asili ya jina hilo niliona karabai za baba zangu zikitembea juu ya mwamba wa Jambiani, na nikajiuliza watu wa karabai wangelifanya nini lau wangelipigwa mawe kwa kuvua kwao. Mkuki ule ule, mikononi mwa jirani yangu uliitwa urithi. Mikononi mwa Mwojibwe uliitwa uharibifu.

Samaki anayetafutwa kibandani ni paiki, ambaye Waojibwe humwita ginoozhe. Nikimwelezea mtu wa pwani, humwambia amfikirie mzia: mwili mrefu kama shina, taya zilizojaa meno, pezi la mgongoni limesogea nyuma karibu na mkia, na tabia ile ile ya kusimama kimya kabla ya kufyatuka. Tofauti ni rangi. Paiki ni kijani kizito, na ubavuni ana madoa meupe marefu kama punje za mpunga zilizomwagika juu ya jamvi.

Lakini ana ndugu yake, mkubwa zaidi na adimu zaidi: maskelunji, na jina hilo limetokana na maashkinoozhe ya Waojibwe. Huyu hali yake ni kinyume. Mwili wake ni wa rangi nyepesi, na alama zake ndizo nyeusi. Ncha za mkia wake ni kali, ilhali za paiki ni za mviringo. Mkuki umeharamishwa kabisa kwake. Hata mwenye ndoana, katika maziwa mengi ya jimbo, hana ruhusa ya kumchukua asipofika urefu wa inchi 54, yaani sentimita 137, na kufika hapo ni safari ya miaka mingi. Mwenye ndoana akikosea, humchomoa samaki na kumrudisha. Sheria yenyewe imelikiri hilo: tangu 2018, katika maziwa mengi ya sehemu ya kati na kaskazini, mvuvi wa ndoana anatakiwa amrudishe kila paiki wa baina ya inchi 22 na 26, lakini mwenye mkuki huruhusiwa mmoja wa kimo hicho, kwa kuwa samaki aliyekwisha kuchomwa harudishwi mahali.

Msimu wa mkuki huanza Novemba 15 na kumalizika Jumapili ya mwisho ya Februari. Siku ya kwanza tulikaa saa tatu hatukuona kitu, na sikuchoka. Watunzi wa mashairi wanakujua kukaa huko, pale mtu anapongojea kina kimoja ambacho hakitaki kuja. Siku ya pili alikuja paiki wa nusu mita. Hakuingia, alikuwepo tu, kana kwamba maji yameamua kuwa samaki. Nikaachia mkuki nyuma kidogo ya kichwa kama nilivyofunzwa, kamba ikanicheza mkononi, na tukala usiku ule. Nyama yake ni nyeupe na tamu, ila imejaa miba yenye panda. Nilimpika kwa tui la kopo, na mzee akaisifu ile nyama huku akichomoa miba kwa subira ya seremala.

Katika siku hizo ndipo nilipoanza kugundua kuwa mzee hanitazami usoni anaposema nami. Hutazama pembeni ya sikio langu. Mkewe ndiye aliyeniambia: macho yake yamepatwa na maradhi yanayokula katikati ya kile anachokitazama. Pembeni anaona, palipo na kitu chenyewe, hapaoni.

Mwisho wa Januari, siku ya baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, jiko la kuni likivuma nyuma yetu, kivuli kiliingia katika tundu na hakikwisha kuingia. Kichwa kilishatokea upande mmoja, na mkia bado haujaonekana. Mzee alishika goti langu. "Mkubwa," akanong'ona. "Mpige."

Mkuki ulikuwa tayari majini. Kwa juu nilikuwa naona mgongo tu, mweusi na mpana kama ubao wa mtumbwi, na mgongo hausemi jina. Alama zote ziko ubavuni. Samaki alimkaribia yule samaki wa mti, akasimama. Nikasikia pumzi za mzee. Nikasikia na mapigo ya moyo wangu mahali pasipo pake, chini ya kidole gumba cha mkono wa kushoto. Samaki alijipinda kidogo, ubavu ukashika mwanga kwa muda wa kupepesa jicho, na nikaona, au nilidhani nimeona, mistari ya kiza juu ya ngozi ya rangi ya mchanga. Kisha akazama, bila haraka, akaondoka na tundu likabaki kijani tupu.

"Kwa nini?" mzee akauliza.

"Maskelunji," nikasema.

"Una hakika?"

Nilitaka kusema ninayo. "Hapana," nikasema.

Alikaa kimya muda mrefu, hata nikadhani nimemuudhi. Alitia gogo jikoni, na kwa mwanga wa mlango wa jiko nikaona ameligeuza uso lile tundu, analitazama kwa pembeni kama ilivyo desturi yake sasa.

"Mwaka juzi," akasema, "mimi nilikuwa na hakika."

Hakuongeza, wala sikuuliza. Tulikaa mpaka nuru ya maji ikafifia, tukafunga kibanda. Alitangulia kurudi pwani ya ziwa, akipapasa njia kwa fimbo, na mkuki wa meno saba akaniachia niuchukue mimi. Haujarudi bandani kwake. Upo kwenye ujia wa nyumba yangu, baina ya makoti.

Usiku ule nilimpigia simu mama. Alitaka kujua nimekula nini. Nikamweleza habari ya samaki ambaye hatukumpiga, na jina lake likanishinda kulitamka kwa namna ya kumfikia.

"Kwani amefanana na nani?" akauliza.

"Amefanana na mzia, mama."

"Basi ni mzia wa maji baridi. Na huko bamvua la lini?"

Nikamwambia ziwa halipwi wala halijai.

"Sasa wanajuaje siku ya kwenda?"

Nikamwambia wanakwenda kwa leseni. Alicheka hata akakohoa, akamwita dada yangu aje asikie.