Shamba la Rumangabo: Tuondoe Urwiri Kwanza

Wengi wenu mliuliza shamba la chama chetu limefikia wapi. Juma hili tunawapeleka huko, na tunawaeleza pia kosa tulilolifanya, ili mwingine asilirudie.

Anayetoka Goma kuja kwetu hushika barabara ya kitaifa namba 2, kama kilomita 45 hivi. Huvuka lava nyeusi ambayo Nyiragongo iliimwaga juu ya barabara hii mwezi wa tano 2021, hupanda Kibumba kwenye mashu na karoti, hupita Rugari, kisha anafika. Mkono wa kuume ameuona Mikeno njia nzima, kama wingu halikuufunika. Wageni wanaijua Rumangabo kwa ajili ya makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na gorila mayatima wanaolelewa pale. Wengine wanaijua kwa ajili ya kambi ya askari. Sisi tunaijua kwa udongo wake mweusi, mwepesi, wa volkano, ambao ukiutupia haragwe leo, baada ya juma moja unakuonyesha majani.

Tuliuacha udongo huo mwishoni mwa 2022, tukakimbia na watoto mgongoni. Miaka zaidi ya miwili tuliishi chini ya mabashi karibu na Goma, tukinunua sombe kwa mafungu madogo ya kuhesabu vijiti. Mwezi wa pili 2025 makambi yalipoondolewa, tukarudi.

Shamba hatukulitambua. Urwiri, lile jani ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita sangari, ulikuwa umelifunika kama mkeka. Katikati palikuwa na kishona-nguo kilichofika kiunoni. Mbegu za maharagwe tulizoacha nyumbani hazikuwepo tena. Lakini chini, kando ya mfereji, tulikuta mateke yamesimama, mabichi, majani mapana. Na mashina mawili ya muhogo yalikuwa yamekuwa miti. Hakuna aliyeyapalilia, hakuna aliyeyapanda upya. Jioni ile tulitwanga sombe ya miti hiyo miwili, na nyumba saba zikala.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa: sehemu ya shamba iwe ya mboga zinazoishi miaka, si za msimu mmoja tu.

Lakini njaa ilikuwa inatusukuma. Mwezi wa tatu tuliingia na majembe, tukalima siku mbili, tukapanda maharagwe ya mkopo na vijiti vya muhogo pamoja. Siku ya pili jioni ardhi ilikuwa nyeusi na safi, tukapiga makofi. Baada ya majuma matatu urwiri ulikuwa umerudi, mzito kuliko mwanzo. Maharagwe yalisongwa, tukavuna kidogo kuliko mbegu tulizokopa. Deni lile tulilimaliza kwa kubebea watu mizigo sokoni.

Sababu yake ni hii. Urwiri hauishi kwa mbegu tu, unaishi kwa mizizi mirefu myeupe inayotambaa chini ya udongo, yenye vifundo kama vya muwa. Jembe linaikata vipandevipande, na kila kipande chenye kifundo kinaota. Tulidhani tunalima, kumbe tulikuwa tunapanda urwiri.

Kwa maharagwe kosa hilo linaumiza msimu mmoja. Ukishavuna, unageuza udongo tena na kujisahihisha. Kwa mateke, muhogo wa majani na pilipili, huwezi. Mimea hiyo ikishika, ukichimba chini yake unakata mizizi yake yenyewe. Unachokiacha ardhini siku ya kupanda, utaishi nacho miaka yote ya mmea ule. Kwa hiyo kazi kubwa ya mboga za kudumu iko kabla ya kupanda.

Tulikaa kikao mwezi wa sita. Mama mmoja aliuliza waziwazi: «Kwa nini tuhangaikie mmea wa miaka mitano, nasi hatujui mwezi ujao tutalala wapi?» Hakuna aliyemcheka, maana kila mmoja wetu alikuwa na swali hilo moyoni. Mzee wetu mmoja akamjibu kwamba siku tuliyorudi hatukukuta mmea wa miezi mitatu hata mmoja, tulikuta mateke. Tukakubaliana hivi: shamba kubwa libaki la maharagwe na mahindi, na kipande cha hatua kumi kwa ishirini kitengwe. Kipande hicho kisilishe mtu yeyote mpaka kiwe safi. Haikuwa rahisi kukubali.

Kazi ilianza katika kiangazi, maana jua ndilo msaidizi wetu. Tulifyeka kwa panga, tukaacha majani yakauke. Kisha tuliweka majembe ya kawaida pembeni, tukatumia jembe la meno. Unalichoma, unainua udongo polepole, halafu unafuata mzizi kwa mkono mpaka mwisho wake bila kuukata. Mizizi tuliikung'uta na kuianika juu ya mawe ya lava, ambayo saa sita huwaka kama kikaango. Usiitupe kwenye lundo la mbolea ikiwa bado mibichi, itaota huko na kurudi shambani. Ikaushe kabisa, kisha uichome.

Baada ya majuma mawili tulirudia. Tulipata mizizi karibu nusu ya ile ya kwanza. Tukachimba mfereji kuzunguka kipande, kina cha mkono mpaka kiwiko, kwa sababu urwiri wa shamba la jirani haujui mpaka. Kisha tukafunika udongo wote kwa majani makavu ya migomba na maganda ya maharagwe, unene wa kiganja kilichosimama wima. Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, hatukukimbilia kupanda. Tulingoja majuma mawili tuone kitakachochungulia. Kilichochungulia tuliking'oa kimoja kimoja, watoto wakishindana kuhesabu. Ndago ndiyo iliyotusumbua zaidi, maana ina vijitunguu vya chini, na kufunika tu hakuimalizi. Hiyo ni ya kung'oa kila mara mpaka ichoke.

Ndipo tukapanda. Mateke yalikwenda upande wa chini, maji yanapokaa. Vijiti vya muhogo tulivichagua kwenye mashina ambayo majani yake hayakujikunja wala kuwa na madoa ya njano, maana ugonjwa wa mozaiki unasafiri ndani ya kijiti. Tuliviacha nafasi ya hatua moja kati ya kimoja na kingine. Pilipili zilikaa pembeni, na matembele yalitambaa katikati ili kuukinga udongo na kutupa mboga mapema.

Wanaovuna wakumbuke: usikwanyue majani yote ya tawi, acha ncha na yale machanga. Na jikoni, sombe itwangwe vizuri na ichemshwe muda mrefu bila kifuniko, maana ikiwa mbichi ina sumu. Mateke nayo, majani na viazi, yapikwe mpaka yaive kabisa, la sivyo koo litawasha.

Hatuwezi kuwaambia kwamba urwiri umekwisha. Kila Jumamosi tunakuta vichwa vichache, tunaving'oa kabla havijashika. Lakini kazi iliyokuwa ya wamama kumi na wawili siku nzima, sasa wawili wanaimaliza asubuhi. Matembele tumeshayala. Mateke yametoa majani mapana kama yale ya kando ya mfereji.

Jumamosi ijayo tunaanza kipande cha pili, hatua kumi nyingine. Tuna majembe ya meno mawili tu, mwenye la kuazima alete. Walio Kibumba na Rugari wenye vijiti vizuri vya muhogo, wavifunge wavitume. Na yule mama aliyeuliza swali kwenye kikao, ndiye atakayetuonyesha namna ya kufuata mzizi mpaka mwisho. Sasa hakuna anayemshinda kwa kazi hiyo.