Mafuta ya breki yalivyoniumbua mbele ya mke wangu

Mwaka wa 1997, Colin McRae aliposhinda mashindano ya Safari Rally akiendesha Subaru Impreza ya samawati, nilikuwa miongoni mwa vijana waliosimama kando ya barabara wakimeza vumbi na kupiga vigelegele. Siku hiyo niliapa kwamba Mungu akinijalia kazi, nami nitamiliki gari la aina hiyo hata kama itanibidi kulala njaa.

Waama, Mungu alinijalia. Mwaka wa 2012 nilinunua Impreza WRX kuukuu iliyokuwa imepitia mikononi mwa watu wawili. Mke wangu, Mama Neema, hakusema mengi. Aliuliza tu iwapo watoto watatu wangetoshea nyuma, kisha akarudi jikoni.

Nililipenda gari hilo kupita kiasi. Kila Jumamosi nililiosha na kulipaka nta hadi majirani wakaanza kunitania kwamba nimeoa mke wa pili. Desemba ilipofika na tukajiandaa kwenda kwa wakwe zangu Narok, Mama Neema alinipa shilingi 15,000 alizopata katika chama chao ili gari likafanyiwe sevisi kamili. Nilibadilisha oili ya injini na filta, basi. Pesa zilizosalia niliziongezea zangu kidogo nikanunua rimu za kung'aa. Alipouliza, nilimjibu bila kupepesa macho kwamba kila kitu kimekaguliwa.

Msomaji, iwapo umewahi kuteremka kwenye miinuko ya Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, unajua malori yanavyojikokota huko. Nami badala ya kuteremka kwa gia ya chini, nilikuwa nikikanyaga breki kila mara. Harufu ya kuungua ikaanza kuingia ndani. Halafu ghafla pedali ikazama hadi chini, laini kama niliyekanyaga matope. Mbele yetu kulikuwa na trela.

Nilirudisha gia hadi ya pili, injini ikapiga mayowe. Nikavuta breki ya mkono polepole huku nikiliingiza gari pale kando wanapouzia ngozi za kondoo. Tulisimama hatua chache tu kutoka kibanda cha mchuuzi, ambaye tayari alikuwa ametimua mbio. Watoto walikuwa wakilia. Mama Neema aliwatoa nje mmoja mmoja, akanitazama na kusema, "Baba Neema, uliniambia limekaguliwa." Kisha akasimamisha matatu, akaondoka na watoto.

Nusu saa baadaye pedali ilikuwa ngumu tena kana kwamba hakuna lililotokea. Nililiendesha gari hadi Narok kwa mwendo wa konokono, peke yangu, na rimu zangu zikimetameta.

Tuliporudi Nairobi nilienda kwa fundi mmoja wa jua kali. Alitafuta mahali panapovuja, hakupaona. Ndipo akafungua kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki na kunionyesha mafuta meusi kama chai ya rangi. Alinieleza jambo ambalo nilistahili kulijua zamani: mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, hata kama hayapungui. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki kabla ya kufika nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu nyuzi 155. Mteremkoni breki hupata moto mkali, mafuta yakachemka na kutoa mvuke. Mvuke hubonyea, hivyo mguu wako husukuma hewa tupu. Yakipoa, pedali hurudi. Ndiyo maana yafaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Yangu, alisema, huenda hayakuwa yamebadilishwa tangu gari litoke Japani.

Pesa za sevisi sikupewa tena, wala sikuwa na uso wa kuziomba. Nilimsihi fundi anifundishe, nikaamua kufanya kazi hiyo nyumbani, uani, Jumamosi ya pili ya Januari.

Nililiinua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi za chuma, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Maji ya rejeta nilikuwa nimeyamwaga asubuhi injini ikiwa baridi, nikatia mapya yenye dawa ya kuzuia kutu. Yote hayo nilifanya peke yangu. Lakini kutoa mafuta ya breki kwa njia niliyofundishwa kunahitaji watu wawili: mmoja akanyage pedali, mwingine afungue nati ndogo kwenye gurudumu ili mafuta machafu yapite kwenye mpira hadi chupani. Aliyekanyaga akiachilia kabla nati haijafungwa, hewa huingia na kazi yote huharibika. Neema alikuwa na miaka tisa, miguu yake haikufika vizuri. Ilinibidi nikamwite mamake.

Alikuja akifuta mikono kwa leso, akaketi kwenye kiti cha dereva. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukikalia.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Nikafungua, mafuta meusi yakatoka, nikafunga. "Achilia."

Tuliendelea hivyo gurudumu la kwanza, na la pili. Kila mara nikimwongezea mafuta mapya yule mnyama wangu kule juu, kichupa kisije kikakauka. Tulipofika la tatu, Mama Neema aliuliza, "Ile sevisi ya Desemba, kazi hii ilikuwamo?"

Nilikuwa nimelala chini, spana mkononi. "La," nikajibu. "Haikuwamo. Nilinunua rimu."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali na nati ilikuwa wazi. Angeweza kuachilia na kuingia zake nyumbani. "Funga hiyo nati," alisema mwishowe. "Mguu unaniuma."

Tulimaliza magurudumu yote manne, mafuta yakitoka safi kama asali changa. Tone moja lilianguka kwenye bawa la gari na kwa kuwa sikuliosha kwa maji mara moja, likala rangi. Mama Neema alipoliona alicheka, kicheko cha kwanza tangu Desemba. Alama hiyo ipo mpaka leo.

Rimu niliziuza mwezi uliofuata, nikamrudishia pesa za chama chake. Kila baada ya miaka miwili tunaifanya kazi hiyo pamoja, na siku hizi Neema ndiye mkanyagaji pedali.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu msomaji, kabla hujaisafirisha jamii yako mteremkoni, fungua boneti utazame kile kichupa. Na ukiulizwa na mwenzako kama umekitazama, mwambie ukweli.