Kilango cha Kumkinga Mtoto na Moto

Wahenga walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Methali hiyo yamfaa mtoto aliyekwisha kufahamu maonyo, haimfai wa miezi minane, aanzaye kutambaa. Huyo huuona moto kuwa kitu cha kuchezea, na sufuria ya uji yaweza kumwunguza kabla mama hajageuka.

Basi baba mwenye msumeno na bisibisi na aweke kilango mlangoni pa jiko. Kazi ni ya siku moja. Akate papi mbili, pungufu kidogo ya upana wa mlango, kisha azifungie kwa skrubu mbao nyembamba za wima zenye urefu wa sentimeta 75. Nafasi baina ya ubao na ubao isizidi sentimeta 6, mtoto asije akapenya akanaswa. Ubao wa mshazari uanzie chini penye bawaba ufike juu penye komeo, ili kilango kisilegee. Papi na mshazari vielekee jikoni. Vikielekea kwa mtoto vitakuwa ngazi yake. Komeo nalo liwe upande huo huo. Mbao zipigwe msasa, wala zisipakwe rangi yenye risasi, maana mtoto hutafuna kila akishikacho.

Kilango si mlezi, na siku mtoto atakapoweza kukipanda, kiondolewe. Lakini kwa miezi ile ya kutambaa, gharama ya mbao chache ni nafuu kuliko kovu la maisha.