Tulidhani Anakwepa Shule

Haya tunayoandika si ya kujisifu. Sisi ni wauguzi wawili wenye stashahada, tumefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 20, na kila Jumamosi tunawatembelea wagonjwa wa usharika wetu pamoja na akina mama wenzetu. Watu hutuamini. Kwa sababu hiyo tunadaiwa ukweli.

Mama mmoja wa usharika alitujia na binti yake wa miaka 8. Mtoto alikuwa akiamka na maumivu ya kichwa, anatapika kabla hata ya kunywa chai, lakini ikifika saa nne yuko nje anaruka kamba. Homa hakuwa nayo. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tukampa dawa ya minyoo. Mama aliporudi baada ya wiki mbili tulitabasamu, tukamwambia, "Huyu anakwepa shule tu." Hatukumwuliza kama anatapika siku za Jumapili. Alikuwa akitapika.

Wiki zikapita. Mtoto akaanza kumwaga uji, kushika ukuta akitembea, na kuinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza jambo. Kwenye kwaya ya watoto alisimama ameachanisha miguu ili asianguke. Mwenzetu mmoja akasema ni pepo, nasi tukakusanyika tukaomba. Kuomba hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba tulipokwisha kusema Amina, tulimrudisha nyumbani.

Siku moja tulikwenda kwao kumtazama bibi yake. Mtoto akanyoosha mkono kuchukua kikombe, mkono ukatetemeka, ukakikosa. Tukatazamana. Somo la chuoni likaturudia: sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni ndiyo inayouongoza mwili usiyumbe na mkono ufike unapokwenda. Siku hiyohiyo tukampeleka hospitali, akapewa rufaa, akapigwa picha ya CT. Kisogoni kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu. Tangu mama yake atujie mara ya kwanza zilikuwa zimepita wiki 11.

Tueleze kwa nini asubuhi. Ndani ya ubongo hutengenezwa maji, kwa mtu mzima karibu nusu lita kwa siku, nayo hupita katika njia nyembamba kuelekea nje ya ubongo na kwenye uti wa mgongo. Uvimbe wa kisogoni huibana njia hiyo. Maji yanapokosa pa kutokea, shinikizo hupanda ndani ya fuvu. Mtu akilala usiku kucha shinikizo huzidi, kwa hiyo huamka na maumivu na kutapika. Akisimama na kutembea hupata nafuu kidogo, na nafuu hiyo ndiyo iliyotudanganya.

Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo aliutoa uvimbe wote. Kinyama kilipopimwa maabara kikaonekana ni pilositiki astrositoma, aina inayokua polepole. Hakuhitaji mionzi. Tangu mwaka 1931 daktari wa Marekani, Harvey Cushing, alikuwa ameandika juu ya wagonjwa wake 76 wenye astrositoma za kisogoni, akaonyesha kwamba wengi wanaweza kupona kwa upasuaji. Leo, pale uvimbe huu unapoondolewa wote, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 huishi miaka 10 na zaidi.

Watafiti hawakuishia hapo. Mwaka 2008 waligundua kwamba katika uvimbe mwingi wa aina hii jeni moja iitwayo BRAF imekatika na kuungana na nyingine. Kwa kawaida jeni hiyo huiamuru seli ikue, kisha hunyamaza. Ikiharibika hivyo hainyamazi tena, kama bomba lililokatika koki. Kwa kujua hayo waliweza kutafuta dawa ya kuliziba bomba lenyewe. Mwaka 2024 Marekani iliruhusu dawa iitwayo tovorafenib kwa watoto ambao uvimbe wao una kasoro ya jeni hiyo, nao umerudi au haukusikia tiba. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mpango wake wa mwaka 2018 wa saratani za watoto, liliutaja uvimbe wa ubongo unaokua polepole kati ya magonjwa sita ya kutangulizwa.

Lakini utafiti uliotugusa zaidi haukuhitaji dawa mpya. Kule Uingereza watoto wenye uvimbe wa ubongo walikuwa wakichelewa kutambuliwa, nusu yao kwa zaidi ya wiki 14 tangu dalili ya kwanza. Mwaka 2011 ilianzishwa kampeni iitwayo HeadSmart, ya kuwafundisha wazazi na madaktari dalili zilizoandikwa kwenye kadi ndogo. Kufikia mwaka 2013 muda huo ulikuwa umeshuka chini ya wiki 7. Kadi tu, akina mama! Nasi tulikuwa na elimu hiyo kichwani, tukampa mtoto dawa ya minyoo.

Tulimwendea yule mama wodini tukamwomba radhi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Dada zangu, mimi niliona mwanangu anaumwa. Nikayaamini maneno yenu kuliko macho yangu." Hakutulaumu zaidi ya hapo, wala sisi hatukuwa na la kujitetea.

Basi, mama, amini macho yako. Si kila kichwa kinachouma ni uvimbe. Magonjwa haya ni machache. Lakini mtoto akiumwa kichwa au kutapika mara kwa mara, hasa asubuhi, kwa wiki mbili au zaidi; akiyumba, akimwaga vitu, akiona viwili viwili, macho yakienda upande, kichwa kikiinama, tabia ikibadilika, au akipata degedege bila homa, mpeleke hospitali ueleze yote kwa mpangilio. Usipotoshelezwa, rudi. Omba njiani ukienda.

Binti huyo sasa ana miaka 11. Anaandika polepole, na hupigwa picha ya kichwa kwa ratiba ya daktari wake. Mama yake siku hizi hufuatana nasi Jumamosi. Juzi mzazi mmoja alitueleza juu ya kijana wake anayetapika kila asubuhi ya shule. Kabla hatujafungua kinywa, yeye akauliza, "Na Jumapili je?"