Kura sita, na hakuna hata moja ya jiji

Wasee wa Nakuru, hebu tuhesabu pamoja. Siku ya uchaguzi unapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA. Sasa niambie, ya jiji la Nakuru ni ipi?

Hakuna. Gavana ni wa kaunti nzima, kuanzia Naivasha hadi Kuresoi. MCA ni wa wadi. Jiji lenyewe, lile tulilolishangilia tarehe 1 Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alipolikabidhi hati, hakuna mtu aliyewahi kuliombea kura.

Najua utaniambia kuna bodi ya jiji. Iko, na sheria ya miji ya 2011 inasema wanachama wake wasizidi 11. Lakini hao huteuliwa na gavana, kisha bunge la kaunti linawaidhinisha. Mimi na wewe hatuwapigii kura. Hebu jaribu kutaja hata mmoja wao bila kugoogle.

Mbona hii kitu inanisumbua? Kwetu ni karibu na mpaka wa wadi mbili. Mvua kubwa ikinyesha, mtaro unafurika na maji yanaingia hadi jikoni. Nilimwendea msaidizi wa mheshimiwa wetu. Akanijibu kwa upole tu: "Buda, huo mtaro unaanzia kwa mwenzetu. Hatuwezi kuingilia wadi ya mtu." Nikavuka upande wa pili. Huko swali la kwanza likawa: "Wewe hupigia kura wapi?" Hakuna aliyenidanganya. Kila mmoja alikuwa analinda kura zake, na maji yakabaki yangu.

Shida ni kwamba mambo makubwa ya jiji hayajui mipaka. Mvua ya miteremko ya Menengai hupita katikati ya mitaa yetu hadi Ziwa Nakuru, ikibeba plastiki za kila wadi. Takataka za karibu mji wote humwagwa Gioto, upande wa London, na watu wa huko ndio wanaovuta ule moshi. MCA wao akilalamika, wenzake watamuunga mkono vipi, kama dawa yenyewe inaweza kuwa jaa kuhamishiwa kwao?

Halafu kuna hesabu. Kaunti ina wadi 55. Nakuru Town East na Nakuru Town West zikijumlishwa zina wadi 11 tu. Kwa hivyo pesa za jiji zinapitishwa na bunge ambalo wengi wao wametoka Molo, Njoro, Subukia, Gilgil na kwingineko. Siwalaumu. Wametumwa na watu wao, na watu wao wana barabara mbovu pia.

Kuna wale watasema basi MCA wote wa mjini wachaguliwe na jiji zima. Hapo mimi napiga breki. Kampeni ya jiji zima inataka pesa ndefu, na sijui nani atakumbuka kufika Barut. Pia tusijifanye: huu ni mji wa kila kabila, na Januari 2008 hatujaisahau. Kundi kubwa likiamua, linabeba viti vyote. Marekani, miji mingi ya kusini ilitumia mtindo huohuo kuwafungia nje watu Weusi, hadi kesi mahakamani zikalazimisha mingi irudi kwenye wadi.

Lakini si lazima tuchague moja tuache nyingine. Ile London ya Uingereza, si yetu, ina baraza la watu 25. Kati yao 14 wanawakilisha maeneo yao, na 11 wanawakilisha jiji lote. Viti hivyo 11 hugawanywa kulingana na kura ambazo kila chama kimepata, kwa hivyo hata kundi dogo linaweza kupata sauti.

Msimamo wangu ni huu: MCA abaki na wadi yake, kwa sababu lazima kuwe na mtu anayejua mtaro wako kwa jina. Ila sheria ibadilishwe, angalau nusu ya bodi ya jiji ichaguliwe na wakazi, kwa kugawana viti namna hiyo.

Hilo litachukua muda, na bunge linaweza kulikalia. Kwa sasa tuna 2027. Mheshimiwa akija na leso na ahadi ya lami, muulize swali moja zaidi: "Gioto iende wapi, na uko tayari kusema hivyo mbele ya watu wako?" Akikwambia hiyo si ya wadi yake, umeshajua anaenda bungeni kufanya nini.